Aliyeshushwa Korongoni

Gari lilipoingia Kinyangiri mara ya kwanza, watu walikuwa wanapura mtama. Ilikuwa mwaka 1953, mwezi wa saba, jua la kawaida na upepo wa kawaida. Mama yangu Dorika alikuwa anapeta. Aliposikia mngurumo alidhani ni lori la wanunuzi wa vitunguu. Kumbe ni baba, amekaa kwenye usukani na kofia yake ya vitani, anawapigia kuku honi.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Haya nimeyapata kwa mama mkubwa Raheli, dada yake mama, na mengine kwa mama mwenyewe siku alizokuwa amemkasirikia baba, na siku hizo hazikuwa chache. Baba hakunisimulia mimi hata mara moja. Ukimuuliza habari za gari lile alijibu neno moja tu: "Giaboksi." Neno hilo limenichosha tangu utoto wangu.

Baba yangu Ezekieli alijifunza udereva vitani, alipochukuliwa na jeshi la Mwingereza. Aliporudi hakutaka tena kuchunga. Alikaa miaka akiota gari, mpaka mzungu mmoja mpima barabara alipokuwa anarudi kwao akamuuzia pikapu yake kuukuu. Ng'ombe wanne wakatoka zizini. Babu akamwambia, "Umeuza vinavyozaa, umenunua kinachokula." Baba akacheka. Alikuwa mbishi kuliko punda, na punda wa kwetu mnawajua.

Gari lenyewe lilikuwa na magonjwa yake tangu mwanzo, tusilisingizie. Lilikunywa oili kama mtu mwenye homa anavyokunywa maji. Rejeta ilichemka kila mlima. Gia ya tatu ilichomoka yenyewe kwenye mteremko, ikabidi baba aishikilie kwa goti huku anaendesha. Lakini lilikwenda. Lilibeba vitunguu, ngozi, nta na wagonjwa, na kila Jumapili baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, aliliegesha pale ambapo hata mchungaji asingeweza kuingia ibadani bila kuliona.

Mwaka uliofuata bibi yangu Luciana, mama yao mama na Raheli, akafariki. Alifia Singida mjini, huko Utemini alikoolewa Raheli, alikokuwa amepelekwa kutibiwa kifua. Baba akaenda na gari kumleta Kinyangiri azikwe kwake.

Sasa hapa lazima nieleze mambo mawili ya ukoo wetu, la sivyo mtabaki kulaumu giaboksi kama baba.

La kwanza ni kwamba maiti anayerudishwa nyumbani habebwi kimya kimya kama gunia. Mtoto wake wa kwanza anakaa upande wa kichwa na kumwambia njia. Mama, tunaondoka mjini. Mama, hapa ni Iguguno. Mama, tunavuka korongo. Anaambiwa hivyo asije akapotea. Na neno "tumefika" linasemwa mara moja tu, mlangoni kwake, na ndipo yeye anashuka. Likisemwa kabla ya hapo, anashuka pale pale liliposemwa.

La pili ni mkwe. Baba hakuwahi kula mbele ya bibi, wala kumtaja jina, wala kumtazama usoni, sembuse kumsemesha. Akiwa na neno, alimtuma mama. Hiyo ilikuwa heshima, na katika hilo baba hakuwa na ubishi.

Basi wakaondoka Utemini asubuhi. Maiti nyuma, amefungwa kwenye mkeka. Mama, Raheli na wanawake sita wa msibani wamemzunguka, na Raheli anamwambia njia. Walikuwa wamelia usiku kucha, nusu yao wanasinzia. Saa nane mchana wakateremka kwenye lile korongo la mchanga ng'ambo ya Iguguno. Gia ya tatu ikachomoka. Gari likapoteza nguvu katikati ya mchanga, magurudumu ya nyuma yakazama.

Baba akawaomba washuke wapunguze uzito. Wakakataa. Mchanga ulikuwa unaunguza, na tena maiti haachwi peke yake juu ya gari. Baba akaomba mara ya pili. Akaomba mara ya tatu. Jua lilikuwa kali, rejeta inafoka mvuke, na yeye alikuwa hajala tangu jana. Hapo hasira zikampanda. Akaenda nyuma, akapiga ubavu wa gari kwa kiganja, akapaza sauti:

"Tumefika! Shukeni wote!"

Waliokuwa wamelala wakagutuka wakaruka chini. Waliokuwa macho wakaruka kwa sababu wenzao wameruka. Gari likawa jepesi, baba akalitoa mchangani kwa mkupuo mmoja, akasimama upande wa pili anacheka.

Raheli hakucheka. Alikuwa bado yuko juu ya gari, mkono wake uko kwenye mkeka.

"Shemeji," akasema taratibu, "umemwambia nani ashuke?"

"Nimewaambia nyie wavivu."

"Ulisema wote. Rudi ukamwambie hatujafika. Aliyesema ndiye anayefuta, mimi siwezi kukufutia."

Baba akamtazama, akatazama mchanga, akatema mate. Akasema yeye ni mzee wa kanisa na mambo ya kishenzi ameyaacha. Tena, hata angetaka, angemsemeshaje mkwe wake? Akapanda, akaweka gia, wakaenda zao.

Nyumbani wanaume wanne wakasogea kumteremsha bibi. Wakainua, wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa hukonda, lakini si hivi. Wakamzika kabla jua halijazama.

Wiki ya pili baba akabeba vitunguu kwenda Singida. Kufika korongoni, injini ikazimika. Haikukohoa wala kutetemeka, ilizimika tu. Akazungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka. Baada ya robo saa ikawaka, kama vile haikuwa na tatizo. Kurudi, pale pale, ikazimika tena. Safari hii ilipowaka gari likawa zito. Springi ya kushoto ikalala, na baba alikuwa amebeba debe moja la mafuta ya taa basi. Gia ya tatu ikakataa kukaa hata kwa goti. Alipozima injini nyumbani, mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe na kubaki wazi.

Asubuhi mama alikwenda kufagia. Kwenye kibao cha kukanyagia, upande wa kushoto, akaona unyayo kwenye vumbi. Ulikuwa mguu wa kulia, mtupu, mdogo. Una vidole vinne.

Bibi Luciana alijikata kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kwa jembe akiwa msichana.

Mama akaufuta kwa kitenge chake. Akamwambia baba. Baba akasema, "Giaboksi."

Na hapo ndipo ulipoanza mwaka wa mateso, ambao mama hakuweza kuuzungumzia bila kusonya. Baba alibadilisha plagi. Alisafisha kabureta kwa mswaki. Alimwaga tangi lote akitafuta maji kwenye petroli. Alinunua springi mpya ya kushoto, nayo ikalala siku ya kwanza. Giaboksi aliishusha mara tatu, akaitandaza juu ya magunia uani, na ole wako kuku upite hapo. Watoto walikula uji wenye harufu ya girisi. Fundi Stefano wa Utemini, ambaye alikuwa ameshika magari kuliko mtu yeyote Singida, aliingiza vidole kwenye meno ya gia moja baada ya jingine.

"Ezekieli, meno ni mazima. Hii gari haina ugonjwa."

"Haina ugonjwa na inazimika?"

"Mimi natengeneza chuma, ndugu yangu. Kama si chuma, tafuta mtu mwingine."

Baba akakasirika, akaacha kumsalimia fundi kwa miezi miwili. Badala yake akaanza kuwatafuta wenye magari ya aina ile. Alikwenda mpaka Sepuka, kwa mzee Mughwai, aliyekuwa na pikapu kama ile ile. Wakakaa kivulini, wakalalamika kwa raha kabisa. Mughwai naye gia ya tatu inachomoka. Naye rejeta inachemka, oili inapotea haijulikani inakwenda wapi. Baba akafurahi mno, akapiga goti la mwenzake. Kumbe ni ugonjwa wa magari haya!

"Na mlango wa kushoto, mzee?" akauliza. "Wako nao unafunguka ukizima injini?"

Mughwai akamgeukia. 

"Wangu haufunguki mpaka afunguaye awepo," akasema.

Akainuka, akamsindikiza mgeni wake mpaka kwenye gari. Alipoona kibao cha kushoto hakusogea karibu tena. Alimuaga kwa mbali.

Abiria wakaanza kupungua. Mwanamke mmoja aliyepanda mbele alishuka katikati ya pori akisema kiti kimejaa. Watu wa vitunguu wakarudi kwa punda wao. Raheli alipokuja kutembelea akamwambia baba waziwazi, mbele ya mama:

"Shemeji, ulimwambia mtu amefika, akashuka. Kila gari lako likipita anaona kwamba si kwake, anapanda. Likipita tena, anakumbuka ulichosema, anashuka. Utabadilisha spea mpaka lini? Nenda ukamwambie mama maneno mawili."

"Siwezi kumsemesha mkwe."

"Ulipomfukuza garini uliweza."

Baba akachukua spana, akaingia chini ya gari. Hakutoka mpaka Raheli alipokwenda kulala. Hasira za mama zilikuwa hapo, na mimi namwelewa. Mtu anakubali kulala chini ya gari miezi kumi kuliko kusema pole mara moja. Na mama ndiye aliyekuwa anafuta unyayo kila asubuhi, peke yake, huku tumbo linakua.

Maana alikuwa mjamzito.

Mwezi wa tatu mwaka 1955 uchungu ukamshika. Mkunga Hana akampapasa, akatoka nje na uso uliobadilika. Mtoto amekaa vibaya. "Hapa mimi siwezi. Mpelekeni hospitali ya misheni, na mwende sasa." Hospitali ilikuwa ng'ambo ya korongo.

Baba akamweka mama kiti cha mbele, ameegemea mlango. Hana na Raheli wakapanda nyuma. Ilikuwa karibu saa saba mchana, jua la utosi, hakuna hata ndege barabarani. Mama alikumbuka kwamba njia nzima baba alikuwa anasali kwa sauti, na katikati ya sala anatukana gia.

Wakateremka korongoni.

Injini ikazimika.

Baba akaruka chini. Akazungusha hendeli. Hakuna. Akafungua boneti, akagusa plagi, zikamuunguza, hakuzisikia. Akazungusha tena. Mama ndani ya gari aliacha kulia. Hilo ndilo lililomtisha baba, lile kunyamaza. Akaja dirishani. Mama alikuwa na jasho, midomo imekauka, anatazama mchanga wa upande wa kushoto.

"Baba Zefania," akanong'ona, akimwita kwa jina la kaka yangu mkubwa. "Amesimama hapa."

Baba akatazama. Hakuona mtu. Palikuwa na mchanga mtupu, na nyayo zinatoka katikati ya korongo mpaka kwenye mlango wa gari. Vidole vinne. Vidole vitano. Vidole vinne. Vidole vitano. Za mwisho zilikuwa bado zina unyevu.

"Mwambie," akasema mama. "Nakufa mimi."

Baba akavua kofia. Akainamisha kichwa, macho chini, kama mtu anavyosimama mbele ya mkwe. Raheli anasema hajawahi kusikia sauti ile kwa shemeji yake, siku zote za maisha yake.

"Mama. Shikamoo. Nilisema uongo. Hatukuwa tumefika. Panda, nitakupeleka."



Springi ya kushoto ikalala.

Baba hakugusa hendeli. Injini iliwaka yenyewe.

Akapanda. Akaona hawezi kukaa sawasawa. Mama alikuwa ameegemea mlango kule. Yeye alikuwa huku. Katikati ya kiti palikuwa patupu. Lakini ubavu wake wote wa kushoto ulikuwa umebanwa. Akaweka gia ya kwanza. Ya pili. Akaweka ya tatu, akasogeza goti kuishikilia kama kawaida.

Goti halikuhitajika. Gia ilikaa. Ilikuwa imeshikwa.

Walipanda ng'ambo, wakakata kona ya kwenda misheni. Miteremko yote ile, gia haikuchomoka hata mara moja. Baba alikaza macho barabarani, hakuthubutu kugeuka kushoto, machozi yanamtiririka. Raheli huko nyuma alikuwa anamwambia mama yake njia. Mama, tunapita kwenye miiba. Mama, tunampeleka Dorika kwanza. Mama, tukitoka huko tunakwenda nyumbani, vumilia. Alisema hivyo mara nyingi, koo likamkauka.

Wakaona bati la hospitali. Wauguzi wawili wakatoka mbio na machela. Baba akakanyaga breki, na ile furaha ya kumwona mkewe bado anapumua ikamzidi. Akamgeukia, akamwambia kwa sauti kubwa:

"Tumefika! Shuka taratibu, tumefika!"

Raheli akapiga yowe. Akaruka kutoka nyuma, akamshika baba mdomo kwa mikono miwili. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na aliyesema alikuwa yule yule.

Springi ya kushoto ikainuka.

Mama akaingizwa ndani. Haikupita nusu saa, mtoto akageuka mwenyewe, akazaliwa. Muuguzi alisema hajaona jambo kama hilo. Akawa msichana, mzima, mwenye sauti. Hana akampokea kumwosha. Akaosha kichwa, akaosha mikono. Alipofika kwenye mguu wa kulia akasimama, akamwita Raheli aje aone.

Mguu ulikuwa na vidole vinne. Pale pa kidole cha mwisho palikuwa na kovu lililopona siku nyingi.

Wakaniita Luciana. Wangeniitaje?

Gari likapona siku hiyo hiyo. Baba aliliendesha miaka kumi na mmoja zaidi, na halikuzimika korongoni hata mara moja. Gia ya tatu ikaendelea kuchomoka kama ya mzee Mughwai, oili ikaendelea kupotea, magonjwa ya kawaida. Baba alimwambia kila mtu kwamba hatimaye alipata spea nzuri.

Lakini mama aliniambia jambo ambalo baba hakulisema. Nilipoanza kuongea, kila jioni nilikuwa nachukua kanga yangu, nasimama mlangoni na kuuliza, "Bado hatujafika?" Nilikuwa nyumbani kwetu, kwenye mikono ya mama yangu, nauliza hivyo. Baba alikuwa anatoka nje. Angenijibu nini? Akisema bado, ananidanganya. Akisema tumefika, nani atashuka, na atakayebaki ni nani? Neno lile likapigwa marufuku kwetu. Ndugu zangu wakirudi safari walisema "tumerudi". Mgeni akitaka kulisema, mama alimkatiza kwa maji ya kunywa.

Baba alikufa mwaka 1989. Siku ya mwisho akaomba wengine watoke, nibaki mimi. Maisha yake yote aliniita Luciana. Siku hiyo hakunitaja jina. Akateremsha macho, hakunitazama usoni.

"Mama," akasema. "Shikamoo. Nilikukosea mara mbili. Sasa nataka nikuambie, tume..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa na watoto watatu wadogo wananisubiri nje. Akaniangalia juu ya mkono wangu, akaitikia kwa kichwa kama anayekubali. Alfajiri hakuwepo. Nimemkasirikia miaka mingi kwa ubishi wake, na siku alipotaka kuuacha, mimi ndiye niliyemnyima nafasi. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa.

Gari liko nyuma ya nyumba. Matairi hayapo, injini hakuna, kuku wanataga kwenye kiti. Giaboksi wanangu waliiuza chuma chakavu, nami nikashangilia. Kimebaki kile kibao cha kushoto, na vumbi juu yake, na kwenye vumbi unyayo wa mguu wa kulia. Una vidole vinne. Umeelekea ndani, wa mtu anayepanda. Ulianza kuonekana mwaka jana. Naufuta, asubuhi naukuta tena.

Wageni wanaonijua tangu zamani, wakinikuta nimekaa na kanga miguuni, wakiuona wanacheka, wanasema bibi Luciana, yaani mimi, anatembea usingizini, maana nani mwingine ana mguu kama huo. Wanangu hawacheki. Wao ndio walionipeleka hospitali mwaka juzi, nilipougua kisukari, na wao ndio walioweka saini mguu wangu wa kulia ukatwe.